Orodha ya Watu Arobaini

Mama Konsolata alizikwa Uwemba siku ya Jumatatu, na Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa mezani kama kawaida. Klabu yetu haijawahi kuahirisha kifungua kinywa. Mvua inyeshe, ukungu ufunge barabara, mwenzetu afiwe, sisi tunakutana, tunasali, tunakula, tunapanga kazi za kujitolea za wiki hiyo, na ikifika saa moja na nusu kila mtu anaondoka kwenda kwenye shughuli zake. Tunajiita Klabu ya Asubuhi. Tulikuwa wanachama kumi na wanne, na siku hiyo tulikuwa kumi na watatu.

Tunakutana Makambako, katika ukumbi mdogo nyuma ya hoteli ya Jenifa, si mbali na njia panda ya kwenda Njombe. Malori ya Tunduma yakipita, vikombe vinatetemeka kidogo juu ya visahani. Kila mwanachama ana kiti chake na hakuna anayekaa cha mwenzake. Changu kiko upande wa dirishani. Kulia kwangu alikuwa anakaa Mama Konsolata, muuguzi mstaafu, ambaye nimepanga chumba nyumbani kwake tangu nimalize chuo. Watu wote walimwita Mama Nesi.

Asubuhi hiyo Jenifa aliweka kikombe mbele ya kile kiti, akamimina chai ya maziwa hadi juu, akakifunika kwa kisahani. Mwalimu Alfonsi, mwenyekiti wetu, akasema kiti kitabaki hivyo mpaka mwisho wa mwaka, kwa heshima ya marehemu. Tuliafiki wote. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo niliandika uamuzi huo kwenye daftari la muhtasari, nikapiga mstari chini yake.

Nilikuwa bado sijalia. Kule Uwemba nilishika shada mpaka makaburini, nikasaidia kugawa chakula, nikaosha sufuria pamoja na akina mama wa jumuiya. Watu waliniambia pole, mwanangu, nikawajibu asante. Mwili ulifanya kila ulichotakiwa kufanya. Ndani kulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua upo, unaweza hata kuukanyagia, ila hauusikii.

Baada ya sala, Mwalimu Alfonsi alifungua suala la macho.

Kila mwaka daktari bingwa wa macho anakuja mkoani kwetu kwa siku tatu na kupiga kambi katika hospitali moja ya misheni. Anawafanyia upasuaji watu wenye mtoto wa jicho. Kazi ya klabu ni kuwatafuta wagonjwa hao vijijini, kuwapeleka na kuwarudisha makwao wakiwa na bandeji. Wanachukuliwa watu arobaini. Vitanda, lenzi na dawa vinaandaliwa kwa idadi hiyo, na daktari hana siku ya nne. Majina yanatajwa pale mezani, kumi kila Jumatano, kwa Jumatano nne. Likiandikwa la arobaini, orodha inafungwa.

Na kuna kanuni moja. Mwanachama hataji ndugu yake. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, unamweleza jirani yako wa kulia kabla ya kikao, naye akimwona anastahili ndiye anayemtaja. Jirani wa kulia ndiye mdomo wako. Asiposema yeye, hakuna wa kukusemea, na wewe mwenyewe husemi.

Kanuni hiyo niliileta mimi.

Nilijiunga na klabu miaka miwili iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na shahada ya maendeleo ya jamii ambayo hata joho lake nilikuwa sijalirudisha. Jumatano yangu ya tatu nilipewa orodha ya mwaka uliotangulia niinakili vizuri. Nikaona majina sita ya ukoo mmoja, ukoo wa Mzee Linus, mfanyabiashara wa mbao. Nikaona na shangazi za watu, na mama wakwe. Nikasimama. Nilisema kwamba kuna watu huko Mawengi na Kifanya ambao hawana mtu wa kuwataja kwenye meza hii, na kama tunajihudumia wenyewe basi tusijiite klabu ya huduma. Nikapendekeza kanuni. Mama Nesi akaniunga mkono, halafu wote. Mzee Linus aliunga mkono wa mwisho. Tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa Kanuni, mbele ya watu, na watu wanacheka, na mimi pia nilikuwa nacheka. Nilikuwa najivunia, nisiseme uongo.

Sasa mama yangu. Anaitwa Fidelia na anaishi Kifanya, peke yake, kwenye nyumba tuliyozaliwa. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu mwaka juzi, la kulia mwaka jana. Mwaka huu ameshafunga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni, na nyingine hadi chooni, anatembea akiishika. Anapalilia maharage kwa kupapasa, na mara nyingine anang'oa maharage na kuacha magugu. Mganga wa zahanati alimpima kwa tochi, akasema ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji, ila jicho la kulia lisikae mwaka mwingine. Hakuna mtu mwingine katika klabu aliyejua habari hizi isipokuwa Mama Nesi. Kwetu hatuna mazoea ya kutandaza mambo ya nyumbani mezani kwa watu.

Mama Nesi alikuwa ameniambia, akiwa anachambua mchele barazani, kwamba jina la mama yangu atalitaja Jumatano ya kwanza kabisa. Presha ilimchukua Ijumaa.

Kwa hiyo Jumatano ile ya kwanza niliketi na kalamu yangu, kulia kwangu kukiwa na kikombe kilichofunikwa. Majina kumi yalitajwa. Nikayaandika. Mwalimu Alfonsi alimtaja bibi mmoja wa Lupembe ambaye alikuwa mama mkwe wa jirani yake wa kushoto. Mzee Linus alimtaja mchunga ng'ombe. Mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri sana. Ningekuwa mgeni ningeshangilia.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikusema kitu kidogo tu: jamani, jirani yangu amefariki, nani atanisemea? Nimejiuliza pia. Tungeweza kusogea, kile kiti kikatolewa, na jirani yangu wa kulia akawa Mzee Linus. Lakini aliyetaka kiti kitolewe angekuwa mimi, niliyelala chini ya paa la marehemu, siku ya pili baada ya mazishi. Sikuweza kulitoa neno hilo. Na wao hawakuwa na ubaya wowote. Kila mmoja aliangalia kulia kwake na kushoto kwake, akakuta watu wake wapo. Mezani pote ni mahali pamoja tu palipokuwa na pengo, na pengo hilo tulikuwa tumelipa heshima, tumeliwekea chai.

Jioni mama alipiga simu. Anatumia simu ya jirani yetu Anneth, ambaye humbonyezea namba.

Aliuliza kama nimekula, kama baridi ya Makambako imezidi ya kwao, kama nyumba ya marehemu itauzwa. Kisha akauliza kama nimeshamwandika.

"Bado, Mama."

"Bado kwa nini? Si wewe ndiye mwenye kalamu?"

Nikamwambia kuna utaratibu. Mama yangu anaheshimu utaratibu. Alikuwa mweka hazina wa kwaya ya kigango kwa miaka kumi na tisa. Akasema haya, ila wasichelewe.

Jumatano ya pili nilijitahidi. Kikao kilipoisha nilimfuata Mwalimu Alfonsi nje. Alikuwa anafuta umande kwenye kiti cha pikipiki yake kwa gazeti. Nilianza kwa mbali, nikasema kwamba pengine kanuni yetu inahitaji kutazamwa upya katika baadhi ya mazingira. Alinisikiliza kwa ule uso wake wa kusikiliza wanafunzi. Halafu akanishika bega na kuniambia kwamba wiki iliyopita alikuwa Njombe kwenye mkutano wa asasi za kujitolea, na aliwaeleza watu kuhusu kanuni hiyo, na watu wakaandika. Alisema yeye ana miaka sitini na nane, ameona vikundi vingi vikifa kwa sababu ya upendeleo, na binti mmoja mdogo ndiye aliyeiponya klabu hii. Akasema hata msiba huu haukutuyumbisha, umeona? Nikasema nimeona, Mwalimu. Akawasha pikipiki.

Nilirudi nyumbani kwa marehemu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa bado mlangoni na udongo wake. Nilivitazama nikaingia ndani, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala wote.

Jumatano ya tatu sina la kuieleza. Majina kumi.

Usiku mmoja katika wiki hizo nilifikiria kuliandika tu. Ni kalamu yangu, daftari langu. Fidelia, Kifanya, macho yote mawili. Nani angeuliza? Lakini muhtasari husomwa kila Jumatano, na mbele ya kila jina huandikwa aliyelitaja. Ningeandika nani? Na hata kama nisingeulizwa, mimi nilitaka dunia ambayo katibu haandiki mama yake kwa siri. Bado naitaka. Nililala.

Jumatano ya nne ilikuwa na baridi kali, ile ya mwezi wa sita inayoingia mpaka kwenye meno. Jenifa alileta jiko la mkaa ndani ya ukumbi. Majina yalikwenda haraka maana watu walitaka kuondoka. Thelathini na nne, thelathini na saba, thelathini na tisa. Chapati yangu ilikuwa imekaa sahanini bila kuguswa, na mafuta yake yameganda kuwa meupe.

Mwalimu Alfonsi akasema imebaki nafasi moja.

Alizungusha macho mezani taratibu, kiti kwa kiti. Alipofika kwangu alitabasamu, kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi, akaendelea. Alipofika kwenye kikombe kilichofunikwa akainamisha kichwa kidogo. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Nakumbuka niliusikia ulimi wangu ndani, mzito, kama kitu cha mtu mwingine nilichoombwa nikitunze.

Mzee Linus akakohoa. Alisema yupo mjane mmoja Mawengi, anaitwa Margareth, dereva wake wa mbao ndiye aliyemwona. Analea wajukuu watatu na haoni hata mlango uko wapi. Akanigeukia.

"Mheshimiwa Kanuni, huyu si ndugu yangu. Yeye Mpangwa, mimi Mkinga. Ukitaka upime damu."

Watu wakacheka. Mwalimu Alfonsi akauliza kama kuna jina lingine kabla katibu hajafunga. Lori moja likapita, vikombe vikatetemeka. Nikaandika Margareth, Mawengi, macho yote mawili, aliyemtaja Linus. Hati yangu ilikuwa nzuri. Nikapiga mstari wa kufungia orodha.

Jumamosi nilikwenda Kifanya kumwambia. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Anamenya kwa kidole gumba kinachotangulia kisu, na ganda linatoka jembamba kuliko langu mimi ninayeona. Nikamsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: kanuni, kiti, kikombe, jina la arobaini. Nilieleza kama ninasoma muhtasari.

Nilidhani atasema basi, mapenzi ya Mungu. Mama yangu si mtu wa kugombana.

"Kanuni hiyo nani aliitunga?" akauliza.

"Mimi, Mama."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka.

"Kwa hiyo mimi wa kunisemea ni marehemu."

Akachukua kiazi kingine.

"Unawaonea huruma watu wa Mawengi hujawahi hata kuwaona. Vizuri. Nilikulea hivyo. Lakini Stella, mimi si mtu? Ukiniweka kwenye mizani na huyo mjane, mimi napungua kwa sababu nilikuzaa?"

Nikamwambia kwamba ninaogopa kuwa kama wale wengine. Akasema wale wengine angalau mama zao wanaona. Alilisema bila kupaza sauti, akaendelea kumenya. Nilitaka machozi yaje, nilidhani huu ndio wakati wake. Hayakuja. Nilichukua kisu kingine, nikamenya naye, yeye akitangulia.

Baadaye, tukiwa tunakula, akaniuliza gari la wagonjwa linaondoka siku gani. Nikamwambia Jumatano. Linaondokea wapi? Kwa Jenifa, saa moja kamili. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba chumvi.

Jumatano ya safari ndiyo Jumatano pekee katika mwaka ambayo wanachama hawahudumiwi, wanahudumia wao. Wagonjwa hukusanyika kuanzia saa kumi na mbili, wengine wakiwa wamelala kwenye gesti za karibu na stendi, na sisi tunawapa chai na maandazi kabla ya safari. Waliketi kwenye mabenchi kuzunguka ukumbi wamejifunika mablanketi na vitenge. Nje basi lilikuwa linapashwa injini ndani ya ukungu. Mwalimu Alfonsi alibeba birika. Mzee Linus, akiwa na koti la ngozi na kofia ya sufi, alipita na beseni la maandazi akiwawekea watu mkononi, maana ukiyaweka pembeni hawayaoni.

Saa moja kasoro robo nilisimama katikati na orodha. Nilisoma jina, mtu akaitika, nikaweka alama. Margareth wa Mawengi alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria. Aliitika kwa kusimama, akajigonga kwenye meza, akaiomba meza radhi. Watu arobaini, wote wamefika. Haijawahi kutokea.

"Katibu," Mzee Linus akasema kutoka upande wa mlango, "mimi nimegawa maandazi kwa watu arobaini na mmoja."

Nikageuka. Mwisho wa benchi, karibu na jiko la mkaa, mama yangu alikuwa ameketi na kikombe cha chai mikononi na furushi mapajani. Kando yake alisimama Anneth, jirani yetu, akitazama chini. Mama alikuwa amevaa sweta langu la sekondari. Alikuwa ameelekeza uso mahali sauti yangu ilipotoka, si mahali nilipo. Nilikuwa nimeshasogea hatua mbili.

Hakuniita. Alikuwa amenisikia nikisoma majina yote arobaini.

Mwalimu Alfonsi aliinama mbele yake kwa adabu, akamwamkia, akamwuliza jina na atokako.

"Fidelia. Wa Kifanya."

Mwalimu akaipitia orodha kwa kidole, mara mbili. Akamwambia samahani, mama, jina lako hatulioni hapa. Nani alikutaja?

"Aliyekuwa anitaje mmemzika Uwemba."

Mwalimu hakuelewa. Alinitazama nimsaidie, kama anavyonitazama siku zote tarehe au namba ikimpotea. Niliweka kalamu mezani, maana nilikuwa nimeishika kwa nguvu mno.

"Ni mama yangu," nikasema. "Haoni macho yote mawili. Mama Nesi alikuwa amtaje. Naomba apande gari."

Mzee Linus akaweka beseni chini.

"Wiki nne ulikuwa umekaa pale, na kalamu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nimekaa pale. Kiti kimoja tu kati yetu." Akakitazama kiti kile, na kikombe cha siku hiyo ambacho Jenifa alikuwa ameshakiweka. "Chai tumempa. Kazi yake hatukuichukua."

Akaketi kwenye benchi kati ya wagonjwa, mikono magotini.

Mwalimu Alfonsi alivua miwani. Alisema, polepole, kwamba wiki iliyopita tu amewarudisha watu wawili waliokuja kwake kuomba nafasi, mmoja akiwa mwanafunzi wake wa zamani, na aliwaambia orodha imefungwa. Tukimchukua huyu, wale tutawaambia nini? Nikamwambia sijui, Mwalimu. Ni kweli sikujua, na hata sasa sijui. Mtu mmoja upande wa dirishani akasema labda tuangalie nani katika arobaini bado anaona kidogo. Nikasema hapana. Hao hawaguswi. Nililisema kwa haraka, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Gari lina viti arobaini vya wagonjwa na kimoja cha msindikizaji. Msindikizaji nilikuwa mimi. Nikasema akae kwenye kiti changu. Kuhusu daktari, kila mwaka kuna mmoja au wawili wanaopimwa na kukutwa na presha ya juu, au ugonjwa wa jicho usiotibika kwa upasuaji, wakaambiwa warudi nyumbani. Ikitokea hivyo, nafasi itapatikana. Isipotokea, mama atarudi kama alivyokwenda.

Mwalimu akamgeukia mama kumweleza, lakini mama alikuwa amesikia.

"Nikirudishwa nitarudi," akasema. "Kurudi naweza."

Dereva akapiga honi. Bila kumwuliza mtu, Mzee Linus alisimama, akasema wagonjwa hawawezi kwenda bila msindikizaji, na yeye atasimama mpaka hospitali, amesimama kwenye malori ya mbao tangu ujana wake. Akachukua furushi la mama kwa mkono mmoja, akampa mkono mwingine aushike.

"Wewe ni nani?" mama akamwuliza.

"Linus, mama. Mfanyabiashara wa mbao. Mkinga."

"Mkinga, mtu wa biashara. Basi nishike vizuri, usije ukaniuza njiani."

"Nikuuze kwa nani, mama, na meno yenyewe hayo."

Wagonjwa wa karibu wakacheka. Mama alicheka pia. Nilimsindikiza mpaka mlangoni pa basi, nikamwongoza mguu wake wa kwanza kwenye ngazi. Alipokwisha kuketi alinipapasa uso, akakuta umekauka, akanipiga shavuni kidogo kama anavyofanya kwa mtoto mwenye homa. Hakusema asante na hakusema samahani. Gari likaondoka na taa zake zimewashwa, likapotelea ndani ya ukungu kabla halijafika njia panda.

Sisi tukarudi ndani. Ilikuwa bado dakika ishirini kabla ya saa ya kufunga, na klabu yetu haifungi kabla ya saa. Anneth alikaribishwa mezani, akala. Jenifa alileta chai mpya. Nikafungua daftari. Nikaandika tarehe, mahudhurio, idadi ya wagonjwa walioondoka. Kisha nikaandika: *Mtu mmoja amepanda gari nje ya orodha, Fidelia wa Kifanya. Aliyemwombea ni katibu, mwanawe.*

Mwalimu Alfonsi aliomba aone. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa sentensi zenyewe. Akasema niongeze kwamba klabu iliridhia.

"Hatukupiga kura, Mwalimu."

Akafikiri. "Ni kweli. Lakini hakuna aliyepinga."

*Hakuna aliyepinga*, nikaandika. Akasema Jumatano ijayo tutaizungumza kanuni, na kwamba yeye mwenyewe ana mengi ya kusema na hajui kama yatakubaliana. Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa moja na nusu, akaniomba nifunge kwa sala.

Tukasimama. Nilifumba macho, nikagundua kwamba sijui niombe nini. Mama apate nafasi: maana yake mmoja wa wale niliowasomea majina asubuhi ile arudi nyumbani haoni. Labda yule mchunga ng'ombe. Labda Margareth, aliyeiomba radhi meza. Nilisimama hivyo mpaka mtu akakohoa.

Nikaanza kutaja majina. Nilianza na la kwanza kwenye orodha na kijiji chake, nikaenda la pili, la tatu, sikutazama daftari. Ilichukua muda. Nilisikia viti vikilia, watu wakibadilisha mguu wa kusimamia, na nje maduka yakifunguliwa. Walikuwa wamechelewa kazini wote, na hakuna aliyeketi wala kutoka. Nilipolimaliza la arobaini nilivuta pumzi, nikasema la mama yangu, kwa sauti ileile.